Kabla ya Jembe la Kwanza

Ijumaa moja ya katikati ya Machi, mwaka 1978, nilifiwa na mume wangu. Kichomi kilimchukua upesi. Aliacha shamba letu la upande wa juu limegeuzwa nusu: ukisimama njiani, mkono wa kushoto palikuwa na matuta, mkono wa kulia majani yalikuwa bado yamesimama, marefu kumpita mtoto. Jembe lake alilichomeka kwenye tuta la mwisho, akaja nyumbani kulala kidogo kwa sababu mbavu za upande mmoja zilikuwa zinamchoma. Hakurudi kulichukua.

Tulimzika kesho yake. Katekista wetu, mzee mwenye sauti nyembamba, alisema kaburini kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, na kwamba wapole ndio walioahidiwa kupewa nchi. Wanawake wakaitikia kwa kuguna. Nyuma yangu alikuwa amesimama shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nilimsikia akimnong'oneza jirani yake:

"Mpole, au hakuwa na meno?"

Sikukasirika. Ningekuwa na nguvu siku ile ningegeuka nimwambie kwamba hata mimi nimeuliza hivyo hivyo, tena kwa miaka. Nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, na mambo makubwa ya dini siyawezi. Lakini mtu niliyelala naye nyumba moja na kula naye sahani moja, nilitaka nimjue. Alikuwa mpole, au alikuwa mwoga? Na kama ni vitu viwili, vinatengana wapi?

Swali lenyewe lilianza mwaka 1974, serikali ilipotuhamishia kwenye vijiji vikubwa.

Tulikuwa tunakaa nyumba chache kando ya kijito, mbali kidogo na barabara iendayo Sumbawanga. Wenzetu wa ng'ambo ya kijito hawakuguswa, kwa kuwa kwao kulikuwa na nyumba nyingi na palihesabiwa kuwa kijiji tayari. Sisi tuliambiwa twende barabarani. Aliyekuja kutuambia alikuwa katibu kata, kijana wa kutoka Mbeya, Mkristo wa kanisa lingine, mwimbaji mzuri, mwenye baiskeli aliyoifuta vumbi kila aliposimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama uani kwetu akasema:

"Ndugu zangu, mvua ikianza nataka kila mmoja awe ameezeka kule barabarani."

Mume wangu akachuchumaa, akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, kama sisi Wafipa tunavyomsalimu mgeni wa heshima. Katibu akawageukia wengine, uso umechangamka.

"Mnaona! Huyu ndugu amekubali, tena kwa makofi. Ndiyo mfano huo."

Hakuna aliyemsahihisha. Alipokwisha kupanda baiskeli na kutokomea, watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Wewe bwana, umempigia makofi mtu anayekubomolea nyumba!"

"Nilikuwa namsalimu," mume wangu akasema.

"Basi mkimbilie ukamnyang'anye salamu yako!"

Alicheka nao. Lakini salamu hakwenda kuinyang'anya, na katika nyumba zote yetu ndiyo iliyobomolewa kwanza. Alishusha nguzo moja moja, mimi nikifunga majani ya kuezekea kwenye mizigo, tumbo langu likiwa kubwa. Jumapili iliyofuata, kanisani, somo lilikuwa lile lile la wapole na nchi waliyoahidiwa. Katekista alipofika hapo, mtu mmoja nyuma akakohoa kwa nguvu. Kanisa zima lilikielewa kikohozi kile. Mume wangu alikuwa anaangalia magoti yake.

Sasa kwa asiyelima kwetu, lazima nieleze kilichoniuma. Nyumba haikuniuma sana. Nyumba ni miti na udongo. Yaliniuma matuta. Sisi wa nyanda za juu hatupandi ulezi kwenye ardhi iliyolimwa leo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, Februari na Machi, tunageuza udongo pamoja na majani yake, tunayafunika ndani, tunapiga tuta la duara. Kwa Kifipa ndiyo ntumba. Juu yake tunapanda maharage. Kiangazi chote majani yanaoza humo ndani. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, tuta linavunjwa, linatawanywa, ndipo ulezi unamwagwa. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa jasho la mwaka huu analila mwaka kesho. Ukimhamisha hapo katikati, umemwondoa mezani chakula kinaiva.

Matuta yale tuliyapiga wawili, mimi nikiwa na mimba changa, natapika kati ya tuta na tuta. Na sasa yalikuwa kule mahameni, kwenye makao tuliyoyaacha, na amri ilikuwa kwamba hakuna kurudi kulima mahameni. Kwanza shamba la kijiji, lililopimwa kwa kamba.

Majirani zetu walijua la kufanya. Walikwenda alfajiri kupitia mabondeni, wakavunja matuta yao, wakamwaga ulezi, wakarudi kabla jua halijapanda. Nikamwambia mume wangu na sisi twende.

"Nikienda kwa kujificha," akasema, "nitavunja tuta langu kama mwizi. Na ni langu."

"Watoto watakula maneno hayo?"

"Ngoja nikaombe kwanza."

Akaenda ofisini kwa katibu. Yaliyotokea huko alinisimulia mama mmoja aliyekuwa akipandisha samaki wakavu kutoka Muze, bondeni kwa Ziwa Rukwa, na kuwauza mbele ya ofisi ile. Alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu.

"Ndugu, leo tena?"

"Leo tena, bwana."

"Si nilikujibu jana?"

"Ulinijibu, bwana. Ulisema hapana."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza. Nina matuta mahameni, mvua imekaribia, naomba nikayavunje."

"Hapana!"

"Asante, bwana." Makofi, kisha anaondoka. Na kesho yake asubuhi yuko pale pale, amechuchumaa mlangoni.

"Mama, mumeo anasali rozari kwa katibu," yule mama wa samaki aliniambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tena fumbo lile lile kila siku!"

Nilicheka nikiwa naye. Nilipofika nyumbani nililia. Mvua zilianza, na bado alikuwa anakwenda kuuliza. Kisha siku moja katibu alitoka nje, akatazama huku na huku, akasema, "Nenda! Nenda kavunje matuta yako, uniache nifanye kazi. Lakini mimi sijakutuma na wala sijakuona." Mume wangu alikuja nyumbani anatembea haraka, jambo ambalo si kawaida yake. Tukachukua majembe na mbegu, nikamfunga mgongoni mtoto aliyezaliwa juzijuzi, tukaenda mchana kweupe, tukisalimiana na watu njiani.

Tulipofika tukakuta upande wa chini wa shamba umekwisha kuvunjwa na kupandwa. Ulezi ulikuwa umeota tayari, mwembamba kama nywele za mtoto mchanga. Na kwenye upande wa juu, akianza tuta la kwanza, alikuwapo mtu wa ng'ambo ya kijito.

Tulimfahamu vizuri. Yeye na mume wangu walibatizwa siku moja, na walichunga ng'ombe pamoja wakiwa wadogo. Mtu mkubwa, mikono kama mitwangio. Alipotuona aliweka jembe begani.

"Aliyehama ameacha," alisema kabla hatujamsalimu. "Si mimi niliyesema. Ni serikali."

Nilimjibu mimi. Siwezi kuandika yote niliyomwambia. Nilimwita mwizi, nikamtaja mama yake, nikamwambia ulezi ule utamwotea tumboni. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia na yeye. Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu kidogo. Nilimwona anabadilisha mshiko wa jembe mikononi. Kisha nikamwona analilaza chini kwenye majani, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kinachovunjika. Akachuchumaa. Akapiga makofi. Akamsalimu yule mtu.

"Sikuja kukunyang'anya," akasema akiwa bado amechuchumaa. "Nimekuja kukuambia uso kwa uso. Matuta haya, ya chini na ya juu, tumeyapiga sisi. Wewe unajua, maana ulikuwa unapita hapo ukituona. Ya chini umeshapanda. Mbegu sitaifukua, chakula hakina kosa. Ya juu nalima mimi. Ya chini ni yetu, na wewe unajua."

"Na nikikataa?"

"Nitakuja kesho kukuambia tena."

Yule mtu alicheka, kicheko cha kukosa la kufanya. Bila shaka na yeye alikuwa amesikia habari za rozari ya ofisini. Akatema mate pembeni, akasema, "Vunja basi, uchoke," akashuka upande wa chini.

Tukavunja ya juu. Tulikuwa tumechelewa, na ulezi wetu ulikuwa haba mwaka ule. Ule wa upande wa chini ulistawi. Nilikuwa nauona kila nilipokwenda kupalilia, mzito wa kuinamisha vichwa. Na ulezi ukiwa haba, pombe hakuna. Na pombe isipokuwapo, huwezi kuwaita watu waje wakusaidie kupiga matuta, maana kwetu watu hawaji kulima kwa mtu kisha wakanywa maji. Kwa hiyo mwaka uliofuata tulipiga matuta wawili tena. Kosa moja lilizaa mwaka mzima wa mgongo kuuma. Wale waliokwenda alfajiri kwa kujificha walivuna vizuri, wakapika pombe, wakaitana.

Kisimani wanawake hawakuniacha.

"Mwenzetu, hivi baba wa kwako alikwenda kudai shamba, au alikwenda kuomba chumvi?"

"Alikwenda kusalimia," mwingine akamjibu kwa niaba yangu, na wote wakapiga makofi kwa kunikunjia viganja, wakichuchumaa na ndoo zao.

Nilicheka. Ungefanya nini? Lakini swali nililibeba na ile ndoo.

Nilimpelekea padre kwanza. Alikuwa mzungu mzee, amekaa Ufipa miaka mingi hata Kifipa chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Nilimkuta nje ya parokia ameinama kwenye pikipiki yake, mikono imejaa oili, akiikemea kwa lugha ya kwao.

"Padre, mtu akichukuliwa nusu ya shamba, halafu akachuchumaa akamsalimu aliyemchukulia, huyo ni mpole au ni mwoga?"

Akanyanyuka. "Alisalimia tu? Hakusema neno?"

"Alisema. Alimwambia kwamba shamba si lake."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, nikadhani anatayarisha mahubiri. Kisha akasema, "Mama, mimi nimefundisha jambo hilo tangu ujana wangu, na mimi mwenyewe si mpole. Muulize mpishi wangu. Muulize mume wako pia. Halafu akikuambia, uje uniambie na mimi." Akairudia pikipiki yake.

Nilivunjika moyo kidogo. Nilitaka padre ajue. Lakini njiani nilikuwa nawaza jambo lingine. Katika ile litania ya Moyo Mtakatifu tunasema kwamba Bwana Yesu ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Na ni yeye yule yule aliyepindua meza za wachuuzi hekaluni. Nikajiuliza, mkono uliopindua meza ni ule ule wa upole, au siku ile aliuweka upole pembeni? Sikuwahi kumsikia katekista akisema lolote juu ya hilo.

Kwa mume wangu nilisubiri siku nzuri. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Juni, ule unaokata masikio. Tulikuwa uani tunapepeta ule ulezi haba, yeye akimimina, mimi nikishika ungo. Nikamwuliza bila kumtazama.

"Siku ile, ulimwogopa?"

"Nilimwogopa."

Hivyo tu. Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine.

"Ulimwogopa?"

"Sana. Umeiona ile mikono? Tulipokuwa wadogo alikuwa ananipiga karibu kila siku. Ng'ombe wangu nilikuwa nawanywesha baada ya wake."

"Kwa hiyo uliweka jembe chini kwa sababu ulimwogopa."

Akaacha kumimina. Upepo ukachukua makapi peke yake.

"Hapana. Kwa woga ningeondoka nalo. Niliweka chini kwa sababu nilitazama mkono wangu, nikaona nimelishika vibaya. Nilikuwa nimeligeuza. Nimelishika hivi." Akaokota kijiti akanionyesha: si mshiko wa mtu anayelima. "Nikaona, kumbe nataka kumpiga nalo kichwani. Na nikaona kwamba ningeweza. Alikuwa anakutazama wewe unavyopiga kelele; mimi hakuwa ananitazama."

Miaka yote tuliyokaa naye sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na hasira ya namna hiyo. Nilidhani Mungu alimwumba bila hiyo, kama wengine wanavyoumbwa bila ndevu.

"Sasa kama hasira unayo," nikasema, "mbona huitumii?"

"Naitumia," akasema. "Unadhani kwa katibu nilikuwa naamka kila asubuhi kwa nguvu gani?"

Akarudi kumimina. Sikupata lingine siku ile, na hata nilipojaribu baadaye alisema nimwache, yeye si katekista.

Miaka iliyofuata amri zililegea, na watu wakarudi kulima mahameni waziwazi. Sisi tulilima upande wa juu, yule mtu akalima upande wa chini. Kesi hatukupeleka barazani. Kila mwaka Februari, kabla hatujaanza, mume wangu alishuka mpaka mpakani peke yake. Nilikuwa namwona kwa mbali anachuchumaa, anapiga makofi, na yule mwingine amesimama kama mti. Nilikuwa natazama pembeni. Niliona ni kujidhalilisha. Siku moja nilimwambia, "Unampigia makofi mwizi wako," akasema salamu haimpunguzii mtu kitu. Nikaacha. Niliamini ni salamu tu.

Nirudi sasa kwenye ile Jumamosi ya mazishi. Kabla kaburi halijachimbwa, wanaume wakiwa wanagawana zamu, alitokea yule mtu wa ng'ambo, jembe begani. Alikuwa amezeeka kidogo. Akasimama mahali wanaposimama wachimbaji.

Shemeji yangu akaruka.

"Wewe! Umekuja kuchimba kaburi, au kupima shamba lililobaki?"

Maneno yalikuwa makali, lakini yalikuwa na haki, kwa sababu mimi mwenyewe, katikati ya kilio, nilikuwa nimekwisha kuliwaza hilo. Ule upande wa juu ndio uliokuwa chakula cha wanangu. Mlinzi wake alikuwa amelala ndani amefunikwa shuka. Wote wakanitazama mimi, mfiwa, niseme.

"Mwacheni achimbe," nikasema.

Baadaye wanawake walinisifu, wakasema nimeurithi upole wa marehemu. Si kweli, na sipendi kusifiwa kwa uongo. Nilisema vile kwa sababu nilitaka kuona. Nilitaka kuona mtu yule anachimba vipi kaburi la mtu aliyemchukulia shamba. Alichimba kama wengine. Zamu yake ilipokwisha aliendelea, na mwenzake alipoomba jembe hakumpa, mpaka udongo ukamfika kifuani. Kisha akatoka, akanawa, akaondoka bila kula.

Matanga yalipokwisha shemeji alikuja. Mvua zilikuwa zinakatika. Ardhi yetu ikishakauka haigeuziki, na yale majani ya nusu ya pili yalikuwa bado yamesimama.

"Shemeji," akasema, "mambo ni mawili. Nipe ruhusa niende na panga, au uliache lile shamba. Mwanamke peke yake huwezi kukaa mpakani na mtu yule. Mwaka huu atachukua ule upande usiolimwa, na mwaka kesho atachukua uliolimwa."

"Na wewe ukienda na panga?"

"Ataogopa."

"Na kama haogopi?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Alisonya, akasema ukoo wetu umerogwa kwa salamu.

Nilikwenda asubuhi. Jembe nililikuta pale pale kwenye tuta la mwisho, mvua imelinyeshea, limeshika kutu nyekundu, na lilikuwa linacheza kwenye mpini. Nililing'oa. Upande wa chini yule mtu alikuwa anapiga matuta yake, karibu anamaliza, na tuta lake la karibuni lilikuwa limegusa mpaka. Limegusa; halijavuka. Nilisimama nikilitazama kwa muda. Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika jembe sawasawa, lakini sikuwa na uhakika nitalishika hivyo mpaka mwisho, kwa hiyo nikaliweka chini.

Nikashuka mpakani. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamsalimu. Akaitikia. Akaegemea jembe lake, akangoja.

"Nimekuja kukuambia uso kwa uso," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya katekista. "Ya juu nalima mimi. Yote, pamoja na haya majani. Na ya chini ni yetu, wewe unajua."

Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Kumbe alikufundisha," akasema.

"Alinifundisha nini?"

"Hayo maneno."

"Niliyasikia mwaka ule tuliokukuta hapa. Mara ile moja."

"Mara moja?" Akatikisa kichwa. "Mama, marehemu alikuwa anakuja hapa kila mwaka. Anachuchumaa hapo hapo ulipo. Ananisalimu, halafu anasema hivyo hivyo, bila kupunguza: ya juu nalima mimi, ya chini ni yetu, na wewe unajua. Halafu ananiuliza habari za watoto. Kabla ya jembe la kwanza, kila mwaka. Mwaka jana nilichelewa makusudi kuja shambani, nikajua atachoka kungoja. Nilimkuta amekaa hapo mpakani anatafuna hindi."

Nikamwona tena akilini mume wangu, kwa mbali, anachuchumaa, na mimi natazama pembeni.

"Na wewe ulikuwa unamjibu nini?" nikauliza. Sikuuliza kwa hasira. Nilitaka kujua.

"Sijawahi kumjibu."

"Hata mwaka huu?"

"Mwaka huu alikuwa anakohoa. Nilimwambia kaa chini kwanza. Akasema akikaa atasahau." Akatazama matuta yake, safu kwa safu mpaka kijitoni. Nilifuata macho yake. Nilifikiri sasa atasema jambo, na nadhani na yeye alifikiri hivyo, kwa sababu alifungua mdomo.

"Umeshasema," ndilo alilosema. "Nimesikia."

Nikainuka nikapandisha kwenda kuchukua jembe. Nilipolinyanyua likacheza tena kwenye mpini, na yeye akalisikia kutoka pale alipokuwa.

"Mama, hilo litakuruka likukate mguu," akaita. "Lete."

Akapanda mpaka mpakani, hakuvuka. Nilimfikishia. Akaligeuza, akaugonga mpini kwenye jiwe mpaka chuma kikakaa, akalitikisa, akaugonga tena, kisha akanipa kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikarudi juu mahali majani yalipoanzia, nikapiga jembe la kwanza.